Kitabu cha karata kinachosakwa tangu 1902

Anayepita stendi za mipakani anaujua mchezo wa pata potea: karata tatu juu ya boksi, mchezeshaji mwenye maneno mengi, na wenzake wanaojifanya hawamjui. Mtaji wa mzigo mzima umewahi kuishia hapo. Wachache wanajua kwamba ujanja huo ulielezwa hatua kwa hatua, kwa michoro, katika kitabu kilichotolewa Chicago, Marekani, mwaka 1902.

Kinaitwa The Expert at the Card Table. Mwandishi alijiita S. W. Erdnase, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha alikuwa nani. Jina hilo ukilisoma kinyumenyume unapata E. S. Andrews. Lakini Andrews yupi? Alikichapisha mwenyewe na kueleza bila haya kwamba anataka pesa. Bei ilikuwa dola 2. Dai Vernon, bingwa wa karata mzaliwa wa Kanada, alikisoma tangu utotoni, na wanamazingaombwe waliomfuata wakakifanya msahafu wao.

Vitabu vya mazingaombwe ya mezani, yale ya karata na sarafu yanayofanywa mbele ya macho yako, ni bidhaa ya ajabu kidogo. Huchapwa nakala chache kwa sababu wanunuzi ni wachache, na siri ikijulikana na kila mtu haina bei tena. Zikiisha dukani, mara nyingi huonekana tena pale tu mwenyewe anapofariki na maktaba yake kuuzwa. Mkusanyaji mashuhuri Ricky Jay alifariki 2018. Mwaka 2021 mkusanyiko wake ulipigwa mnada New York na kuingiza mamilioni ya dola.

Kwa hiyo anayesaka kitabu hiki ajiulize kwanza: anataka maarifa au anataka toleo la kwanza? Maarifa ni rahisi. Haki miliki ilishakwisha, kampuni ya Dover ilikitoa upya mwaka 1995 kwa bei ya chini, na maneno ni yale yale.

Anayetaka toleo la kwanza ana kazi. Kampuni ya Frederick J. Drake, ya Chicago pia, ilikichapa tena na tena kuanzia 1905, na nakala zake ziliendelea kubeba mwaka wa haki miliki 1902. Muuzaji akikutumia picha ya ukurasa huo peke yake, hajakuonyesha kitu. Dai picha ya ukurasa wa jina la kitabu. Ukiona Drake, hilo ni toleo la baadaye, hata kama karatasi imezeeka namna gani.

Na kuhusu pata potea? Mkono mmoja hushika karata mbili, moja juu ya nyingine. Wewe unaamini inayodondoka ni ya chini. Kumbe inayorushwa ni ya juu. Kisha kuna ile ya kona. Mwenzake anaikunja kona ya karata ya ushindi huku mchezeshaji akijifanya anatazama pembeni, nawe unadhani umepata alama. Katika kuzirusha, mchezeshaji anainyoosha kona hiyo na kukunja ya karata nyingine. Unaweka fedha yote juu ya ile iliyokunjwa.