Tasnifu Imekwama, Gemu Yasonga

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hufungua kipakatalishi ili aandike sura ya pili. Saa mbili baadaye amecheza mechi tano za kandanda, na sura iko palepale. Nyumbani ataitwa mvivu. Wanasayansi wana maelezo mengine.

Mwaka wa 1998, watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuupiga picha ubongo wa wanaume 8 walipokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita. Kemikali iitwayo dopamini iliongezeka, na aliyecheza vizuri zaidi ndiye aliyeipata kwa wingi zaidi. (Hao walilipwa kwa kila ngazi waliyopanda; vijana wetu katika kumbi za pleisteshoni ndio wanaolipa.)

Wengi huiita dopamini kemikali ya raha, ingawa kazi yake kubwa ni kuufunza ubongo mahali pa kutafuta tuzo. Gemu hutoa tuzo papo hapo: bao, alama, ngazi mpya. Tasnifu haina hisani hiyo. Unaandika aya, hujui kama inafaa, unaituma kwa msimamizi, kisha unangoja wiki kadhaa irudi ikiwa imejaa wino mwekundu.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza mwaka wa 2013 kwamba anayeahirisha kazi huwa anakimbia hisia mbaya inayoletwa na kazi hiyo: hofu, aibu, kuchoshwa. Gemu huiondoa hisia hiyo haraka, lakini kesho yake hurudi na deni la siku moja zaidi. Kwa hivyo kumpokonya mtu gemu bila kugusa hofu yake ya kuandika ni kazi bure, atahamia TikTok.

Na hata akiacha gemu katikati, akili haihami mara moja. Utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba sehemu ya mawazo husalia kwenye kazi iliyoachwa bila kumalizika. Ndiyo maana kucheza "kidogo tu" kabla ya kuandika ni mpango mbovu. Andika kwanza. Jiwekee saa, mahali na kipande kidogo: saa mbili asubuhi, maktabani, aya moja ya mbinu za utafiti. Simu ibaki hosteli.

Shirika la Afya Duniani huhesabu uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata mambo yanapoharibika, kwa kawaida kwa miezi 12. Wengi wanaochelewesha tasnifu hawajafika huko. Ukiona umefika, muone mshauri nasaha wa chuo kabla hujamwona msimamizi.