Wanaolitaka jina la biashara yako: usiuze kwa hofu, usikatae kwa hasira

Katika soko la fedha kuna hisa, hati fungani na sarafu za kigeni. Ipo bidhaa nyingine isiyoonekana katika jedwali la bei za wiki, lakini huuzwa na kununuliwa kila siku. Bidhaa hiyo ni jina. Mwaka 1999 anwani ya intaneti ya business.com iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 7.5, ilhali muuzaji alikuwa ameinunua miaka miwili kabla kwa dola 150,000. Mwaka 2019 anwani ya voice.com ilinunuliwa kwa dola milioni 30. Kusajili anwani mpya ambayo haijachukuliwa na mtu hugharimu dola chache tu kwa mwaka.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowaleta wasumbufu. Wapo walanguzi wanaotaka kununua kwa bei ya chee ili wauze kwa bei ya kuruka. Zipo kampuni kubwa zinazoamini kuwa jina ni lao popote lilipo. Na wapo matapeli wa kawaida, ambao hawalitaki jina bali fedha za mwenye jina. Mfanyabiashara mdogo anayepokea barua ya kwanza kutoka kwa mmoja wao hana budi kujua anashughulika na nani kabla hajajibu neno.

SHAURI LA MIAKA MINANE

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Uzi Nissan, mfanyabiashara wa jimbo la North Carolina, Marekani. Nissan lilikuwa jina la ukoo wake. Alianza kulitumia katika biashara mwaka 1980, alipofungua huduma ya kutengeneza magari. Mwaka 1991 alianzisha kampuni ya kompyuta, Nissan Computer, na mwaka 1994 akasajili anwani ya nissan.com. Wakati huo kampuni nyingi kubwa zilikuwa bado hazijatambua thamani ya intaneti.

Mwaka 1995 kampuni ya magari ya Nissan ilimwandikia barua kueleza wasiwasi wake juu ya matumizi ya jina hilo. Hakujibu. Mwaka 1999 pande hizo mbili zilizungumza juu ya kuhamisha anwani hiyo bila kufikia mapatano, na Desemba mwaka huo kampuni ikafungua mashtaka ikidai fidia ya dola milioni 10.

Jina lilikuwa lake kweli, na alikuwa amelisajili kwa nia njema. Hata hivyo, Agosti 1999 tovuti yake ilikuwa imeanza kuonyesha nembo inayofanana na ile ya kampuni ya magari, pamoja na matangazo ya biashara yaliyohusu magari. Hapo ndipo alipompa mpinzani wake silaha. Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu mwaka 2004, ilikubali kuwa matangazo hayo ya magari yalikiuka haki za kampuni ya magari. Kwa upande mwingine, ilitengua amri iliyomkataza kuweka katika tovuti yake maneno ya kuilaumu kampuni hiyo.

Mashauri yalichukua takriban miaka minane. Uzi Nissan alibaki na anwani yake hadi alipofariki mwaka 2020, lakini kwa maelezo yake mwenyewe ushindi huo ulimgharimu karibu dola milioni 3. Kwa mtu wa duka moja, huo ni ushindi unaokaribia kufanana na hasara.

TEGO LA BEI

Kisa cha pili ni cha Mike Rowe, mwanafunzi wa Kanada aliyekuwa na umri wa miaka 17. Mwaka 2003 alisajili anwani ya MikeRoweSoft.com kwa ajili ya kazi yake ndogo ya kutengeneza tovuti. Ukilitamka jina hilo kwa haraka, sikio linasikia Microsoft. Wanasheria wa kampuni hiyo walimtaka aiachie anwani, wakampa dola 10 tu, yaani gharama ya kuisajili. Kijana akakasirika, akataka dola 10,000. Wanasheria wakalishika jibu hilo na kudai kuwa ni ushahidi kwamba alisajili jina kwa nia ya kujipatia fedha.

Habari zilipoenea magazetini, umma ulikuwa upande wa kijana. Januari 2004 wakapatana: anwani ikaenda kwa Microsoft, naye akapewa mafunzo na zawadi, ikiwamo mashine ya michezo ya Xbox.

Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba swali linaloonekana la kawaida, "Unauza kwa shilingi ngapi?", linaweza kuwa tego. Si kosa kuuza mali yako. Lakini pale anayeuliza anapokuwa mwenye alama ya biashara inayofanana na jina lako, bei iliyotajwa kwa hasira yaweza kusomwa baadaye mbele ya waamuzi. Jibu la salama ni fupi: jina linatumika katika biashara, haliko sokoni, na mwenye ombi rasmi alilete kwa maandishi.

KANUNI INAYOTUMIKA

Kwa anwani zinazoishia na .com, .net na .org, migogoro mingi haifiki mahakamani. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa usuluhishi uliowekwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu, yote kwa pamoja:

1. Kwamba anwani inafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuwachanganya watu.

2. Kwamba mwenye anwani hana haki wala maslahi halali katika jina hilo.

3. Kwamba anwani ilisajiliwa na inatumika kwa nia mbaya.

Akishindwa kuthibitisha hata moja, madai yake yanaanguka. Katika kituo cha Shirika la Hakimiliki Duniani, WIPO, ada ya shauri la anwani moja hadi tano mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, nayo hulipwa na mlalamikaji. Waamuzi hawatoi fidia ya fedha. Wanaweza tu kuamuru anwani ihamishwe au ifutwe, au kuyatupa madai. Wakiona mlalamikaji alitumia utaratibu huo kumpokonya mtu jina lake halali, wanaweza kutamka hivyo waziwazi katika uamuzi.

Jambo la kuangalia ni muda. Mwenye anwani ana siku 20 za kujibu. Wengi hupoteza si kwa sababu hawana haki, bali kwa sababu hawakujibu.

ALAMA INA MIPAKA

Wanaotisha watu hupenda kusema, "Jina hili tumelisajili." Swali la kuwauliza ni: wapi, na kwa bidhaa gani? Alama ya biashara husajiliwa kwa nchi na kwa aina ya bidhaa. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994, na kupata mwaka 2003, usajili wa maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walipandwa na hasira walipopata habari hizo. Lakini usajili huo haumzuii mwenye hoteli Mombasa wala dereva wa daladala Dar es Salaam kutamka au kuandika maneno hayo. Anayepaswa kutafuta ushauri ni yule anayetaka kupeleka fulana zenye maneno hayo katika soko la Marekani.

Kwa upande mwingine, usajili wa jina la biashara peke yake hautoshi. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, au cha Kenya, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimpi mtu miliki ya alama. Alama ya biashara husajiliwa peke yake, kwa BRELA Tanzania Bara na kwa KIPI nchini Kenya. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, hivyo alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haimlindi mtu Unguja wala Pemba.

HATUA ZA KUCHUKUA

Mfanyabiashara anayetaka kulala usingizi afanye mambo haya kabla mgeni hajabisha hodi:

Kwanza, ahakikishe anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina lake au la kampuni yake, na si la fundi aliyemtengenezea tovuti. Wengi wamegundua siku ya ugomvi na fundi kuwa kisheria mwenye anwani ni fundi.

Pili, atunze ushahidi wa siku aliyoanza kulitumia jina: leseni, risiti, ankara, matangazo ya magazeti, picha za kibao cha duka. Ushahidi huo ndio unaothibitisha maslahi halali.

Tatu, alipie anwani kwa miaka kadhaa mbele. Anwani isiyolipiwa hurudi sokoni, na walanguzi huzisubiri kama mwewe anavyosubiri kifaranga.

Nne, asijibu barua ya wakili siku ileile. Aisome, aangalie tarehe ya mwisho iliyotajwa, kisha aipeleke kwa mwanasheria anayejua mambo ya alama za biashara. Ada ya ushauri wa saa moja ni ndogo kuliko gharama ya jibu moja baya.

Tano, ajihadhari na barua za kitapeli. Ipo ile inayosema kuwa kampuni fulani inataka kusajili jina lako huko China, kwa hiyo ulipe haraka uliwahi. Ipo ya mnunuzi mwenye bei nono anayetaka kwanza ulipie cheti cha thamani ya anwani yako. Ipo pia ankara ya bandia ya kuhuisha usajili. Zote zinategemea woga na haraka.

Sita, akiamua kuuza, fedha zishikwe kwanza na mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili, na neno la siri la kuhamishia anwani lisitolewe kabla malipo hayajathibitishwa. Mkataba uandike pia nani atabaki na jina la duka, nembo na barua pepe za wateja, maana hivyo si kitu kimoja na anwani.

LINI UUZE

Kuna wakati kuuza ni busara. Kama jina halijakuingizia wateja, na mnunuzi analipa zaidi ya gharama ya kubadili vibao, makaratasi na kuwaarifu wateja, hesabu inakubali. Kama wateja wanakuja kwa sababu ya jina hilo, bei ya kwanza kutajwa karibu kila mara ni ndogo mno. Hesabu hiyo ifanywe kwenye karatasi, kwa kutazama mauzo ya mwaka mzima, na si kwenye simu huku mtu wa upande wa pili akisema ofa inakwisha leo jioni.