Ndevu za Miti ya Kahawa

Ninyi mnaolima kahawa vilimani karibu na Bunia, mmeona kitu cha rangi ya kijivu kilichoshika ganda la miti. Pengine kimelala kama chokaa, pengine ni kama majani yaliyokunjamana, pengine huning'inia kama ndevu. Jina lake ni kuvumwani. Huota hata juu ya mawe matupu.

Kuvumwani si mmea mmoja. Ni viumbe viwili vinavyokaa nyumba moja. Cha kwanza ni kuvu, ndugu wa uyoga. Cha pili ni mwani, wa jamaa ya ule utelezi wa kijani juu ya mawe ya mto. Kuvu hujenga nyumba na kutunza maji. Mwani hupika chakula kwa nuru ya jua, na kuvu hula humo. Mtu wa Uswisi, Simon Schwendener, alieleza jambo hili mwaka 1867, na wenzake wengi walimkatalia.

Kuvumwani haina mizizi. Hunywa mvua, umande na ukungu. Jua likiwa kali hukauka, lakini haifi. Ikipata maji huamka. Hukua polepole, nyingi milimeta chache tu kwa mwaka.

Basi fahamuni: kuvumwani hainyonyi mti. Hukaa juu ya ganda, kama ndege juu ya tawi. Msiikwangue kwa panga. Panga hujeruhi ganda, na jeraha ni mlango wa magonjwa. Ugonjwa wa kunyauka kwa kahawa, ulioonekana mwaka 1927 katika Ubangi-Shari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, huingia kwa majeraha namna hiyo. Umeua kahawa nyingi kaskazini-mashariki ya Kongo, na mti ulioshikwa hauponi.

Lakini mkiona kuvumwani nyingi mno, utazameni mti wenyewe. Mti dhaifu hupoteza majani, nuru hupita, na kuvumwani huzidi. Ndivyo linavyokuwa shamba la mtu aliyekwenda kuchimba dhahabu Kilo au Mongbwalu, akaacha kahawa yake bila mtunzaji. Mti huo unataka kazi. Palilieni, tandazeni nyasi kavu chini, tieni samadi. Kateni matawi makavu kwa chombo kikali, na kabla ya kugusa mti mwingine kipitisheni motoni. Mti ukipata nguvu utaota majani mapya, na ndevu zake ziacheni.