Usukani Haurudi: Dereva Alaumiwa kwa Kosa la Springi



Mwaka jana, wakati wa mvua za Machi, pikapu ya shamba letu la chai hapa magharibi ya Uganda iliingia mtaroni ikiwa na wachumaji 14 nyuma. Mama mmoja alivunjika mkono. Kesho yake dereva alipewa barua ya onyo, sababu: uzembe. Mimi ni fundi wa karakana na pia mwakilishi wa chama, kwa hiyo shauri lile lilinifikia kwa milango yote miwili.

Dereva ni mzee wa siku nyingi kazini. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Fundi, usukani ule haurudi. Ukikata kona ni lazima uurudishe kwa nguvu, na katika njia iliyonyoka gari linatangatanga kama mlevi. Nilisema, nikajibiwa kwamba tairodi mpya zimefungwa." Na kweli zilikuwa zimefungwa, katika gereji moja ya mjini. Hiyo ndiyo hoja aliyoishikilia meneja: vipuri vipya, kwa hiyo gari zima, kwa hiyo kosa la mtu.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender. Miezi miwili kabla ya ajali lilikuwa limeinuliwa kwa springi ndefu zaidi, milimita 50, ili lipite kwenye matope. Tangu siku hiyo usukani ulianza kucheza, ndipo tairodi zikashukiwa.

Sasa tazameni toroli la kiwandani. Gurudumu lake dogo la mbele hufuata nyuma ya pini inayolizungusha, ndiyo maana ukilisukuma hunyoka lenyewe. Gari nalo ni hivyo hivyo: kingipini za mbele hulazwa nyuma kidogo kwa juu, na kwa Defender mlalo huo ni digrii 3 tu. Ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayotoka nyuma kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, mikono hiyo inainama mbele, nayo ekseli inazunguka pamoja nayo. Milimita 50 huweza kula digrii mbili hadi tatu. Yaani mlalo wote umekwisha, na hakuna tairodi duniani itakayourudisha.

Kamati ilidai gari likaguliwe mbele ya pande zote mbili kabla ya barua kuingizwa kwenye faili. Tulipewa asubuhi moja.

Kwanza upepo wa matairi, kisha beringi za magurudumu na za kingipini: gurudumu likiwa juu ya jeki, lishike juu na chini ulitikise. Halafu mtu mmoja akae ndani autikise usukani, mwingine alale chini atazame ni kipi kinachokwenda kabla ya mwenzake. Tulikuta bushi ya fimbo inayozuia ekseli kwenda kando imelika. Bushi hiyo ikilika magurudumu huweza kutetemeka vibaya sana, na watu hununua tairodi bure.

Kisha tukapima magurudumu. Hakuna haja ya mashine. Sukuma gari mbele kidogo, usilirudishe nyuma. Piga chaki katikati ya kila tairi upande wa nyuma, kwa urefu wa ekseli, upime kwa tepu kutoka alama hadi alama. Sukuma tena mbele nusu mzunguko mpaka alama zile zile zifike mbele, upime tena. Defender hutakiwa itanuke mbele kidogo sana, milimita mbili hivi. Yetu ilibana mbele kwa milimita 11! Fundi aliyefunga tairodi hakuhesabu mizunguko ya nyuzi alipozitoa za zamani, wala hakupima alipomaliza. Kingo za nje za matairi zilikwisha kuwa kama msumeno.

Nati moja ya tairodi ilikuwa imelegezwa ili tundu lilingane na kipini cha kufungia. Hilo ni kosa kubwa. Nati hukazwa mbele mpaka tundu la pili; hairudishwi nyuma kamwe.

Mpangilio wa kazi ndio unaowashinda wengi. Ukianza na kubana au kutanuka kwa magurudumu halafu ukarekebisha mlalo, utapima upya. Sisi tulianza na mlalo: tulifunga kwenye ile mikono bushi zenye tundu lililosogezwa kando, zilizotengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa. Kisha tukafunga bushi mpya ya fimbo ya kando na kutazama kama ekseli iko katikati, maana gari likiinuliwa fimbo hiyo huivuta kando. Ndipo tukalegeza klampu na kuzungusha bomba la tairodi hadi vipimo vikakaa. Mwisho kabisa usukani wenyewe. Ulikuwa umekaa upande, na gereji ilitaka kuuchomoa na kuurudisha ukiwa umenyooka. Hapana. Boksi la usukani liwe katikati kwanza, kisha rekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni.

Mkipeleka gari kwenye mashine ya mjini, ombeni karatasi na msome mstari wa mlalo wa kingipini. Mara nyingi wanarekebisha kubana na kutanuka peke yake, wanachukua fedha.

Jambo moja lilitudhoofisha mezani: mzee alikuwa ametoa taarifa kwa mdomo tu. Madereva, andikeni katika kitabu cha gari, na tarehe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kazini akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa, iliyo karibu, kwa maisha au afya yake. Tangu Juni 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Barua ya onyo iliondolewa baada ya wiki tatu. Mama aliyevunjika mkono bado tunafuatilia fidia yake. Gari lilirudi barabarani, na baada ya siku tatu tulilala tena chini yake kukaza nati zote. Moja ya klampu ilizunguka robo nzima.