Namanga Hawamjui Mama Brayo

Ukitaka kukodi gari kutoka Umoja, Nairobi, hadi Arusha, gari ndilo jambo jepesi. Matatu zipo, madereva wapo, na bei hupatana. Kinachomnyima usingizi mama anayepanga safari hizi ni majina.

Kazi yake hasa ni mitumba, karibu na soko la Mutindwa. Safari zilimjia pembeni: alipangia chama chake gari la kwenda kwenye mahari ng'ambo, watu wakaona pesa zao hazikuliwa, wakarudi na harusi, kisha na matanga. Mtaani anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Aliniomba nisiandike hata hilo.

Makaratasi ya gari aliyataja haraka, kama mtu anayehesabu viungo vya pilau. Hati ya umiliki. Barua ya mwenye gari iwapo dereva si mwenyewe. Na kama benki bado inalidai gari hilo, benki nayo iandike. Leseni ya muda kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kwa kuwa matatu yenye kibali cha kubeba watu wa Umoja kwenda mjini haina ruhusa ya kuonekana Longido, ng'ambo ya mpaka. Kibali cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, cha kuliingiza gari huko kwa muda. Kisha bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Akiitaja hiyo kwenye kikundi cha WhatsApp, nusu ya abiria humtumia picha za kadi zao za chanjo ya homa ya manjano. Yeye hushukuru tu, maana hizo nazo huulizwa.

"Hayo dereva anajua," akasema. "Mimi nihangaike na watu."

Orodha ya abiria inataka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Sasa anza kuuliza kwenye ploti. Kuna Mama Brayo, Baba Shiru, Fundi, Mwalimu, Cucu wa pale juu. Wamezikana, wamekopeshana unga, wamelea watoto wa wenzao, na jina la kitambulishoni hawajawahi kuulizana. Pesa za M-Pesa zikiingia na majina matatu, humbidi apige simu: huyu aliyetuma ni nani? Ni mimi, Mama Brayo. Haya, andika.

Kuna mzee aliyeitwa jina lake dirishani mpakani Namanga, likaitwa tena, kimya. Wenzake walitazamana. Mwenye jina alikuwa ameketi palepale, akisubiri kama wao. Miaka mingi ya kuitwa Fundi ilikuwa imemsahaulisha kuitika kwingine.

Hapo mama alicheka. Mengine aliyasema akiwa ameshusha sauti. Kitambulisho hutoa siri. Kuna mwanamke ambaye mtaa mzima unamjua kuwa mke wa fulani, na jina la mume lililoandikwa ni la mwingine. Kuna anayejiita wa miaka hamsini. Kuna kijana ambaye amekaa na karatasi ya kusubiri kitambulisho mpaka imechakaa mfukoni. Huyo hufutwa na arbuni yake hurudishwa. Na kuna wanaoghairi siku moja kabla, wakisema tumbo, na yeye haulizi tumbo gani.

Kwenda Busia kungekuwa nafuu kidogo. Tangu 2014 Mkenya huvuka kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Ni pasipoti au kibali cha muda, mtu mmoja mmoja, na mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Mpaka wa Namanga ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983, na Desemba 2018 Uhuru Kenyatta na John Magufuli wakazindua kituo cha pamoja, ambako mhuri wa kutoka na wa kuingia hupatikana chini ya paa moja. Foleni ni moja, ndiyo. Majina ni yaleyale.

Picha za vitambulisho vyote zimo kwenye simu yake, ya kioo kilichopasuka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nikamuuliza kama huzifuta wakirudi. Hazifuti. Watu ni walewale, akasema, na msiba haupigi hodi. Afute leo, kesho aanze kuwafuata mlango kwa mlango? Sikuwa na jibu zuri. Ningekuwa na msiba ng'ambo, ningemshukuru kwa kuzihifadhi.

Kinachomkera yeye ni jambo jingine. Safari ya harusi huondoka na bibi harusi ndani na kurudi bila yeye. Gari la kukodi haliruhusiwi kuokota abiria wa huko, kwa hiyo kiti hurudi kitupu hadi Outering, na dereva hudai kilipwe kama vingine. Nani akilipe? Ukoo wa bwana husema umeshatoa mahari. Ukoo wa bibi husema umeshatoa binti. Mara ya mwisho alikilipa yeye.

Na kibali cha yule binti, kikiisha muda wake? Jina lake limo kwenye orodha ya kwenda, halimo kwenye ya kurudi. Alisema hilo ni la mumewe kulishughulikia, akaanza kukunja suruali.