Mkaa Amilifu wa Maganda ya Karanga na Uondoaji wa Rangi katika Maji ya Batiki, Dodoma

Mito mingi ya Dodoma ni ya msimu. Kiangazi watu huchimba visima vifupi mchangani, hivyo maji ya rangi yanayomwagwa korongoni hayapati mkondo wa kuyazimua. Maganda ya karanga, kwa upande mwingine, hayakosekani. Mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa Kongwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulifutwa mwaka 1951, lakini wakulima wadogo hawakuliacha zao hilo.

Maganda hayo huloanishwa katika asidi ya fosforiki, hukaushwa, kisha hupashwa joto la nyuzi za Selsiasi 400 hadi 500 katika chombo kilichobanwa hewa. Asidi hufungua vitundu. Mkaa ukishaoshwa, gramu moja huweza kuwa na uso wa mamia ya mita za mraba, na ni juu ya uso huo ambapo molekuli za rangi hunaswa.

Uwezo wa mkaa wa aina hii mara nyingi hupimwa kwa methilini ya bluu katika maji yaliyokenekwa. Kipimo ni rahisi, na hapo ndipo penye udhaifu. Methilini ya bluu ina chaji chanya, ilhali uso wa mkaa ulioamilishwa kwa asidi huwa hasi. Kuvutana kwake si jambo la kushangaza. Rangi za riaktivu zinazotiwa kwenye pamba zina chaji hasi na molekuli kubwa zaidi, nazo hutoka katika maji yenye magadi soda, ambayo huzidisha uhasi wa mkaa. Pasipo kupunguza kwanza alkali hiyo, rangi husukumwa badala ya kunaswa. Rangi za vati ni suala jingine kabisa: zikipata hewa hurudia hali ya kutoyeyuka, na sehemu kubwa hutuama zenyewe. Kuzipitisha kwenye mkaa ni kuuziba bure.

Maji ya visima ya Dodoma yana chumvichumvi. Kalsiamu yake hugombea nafasi na methilini ya bluu, ingawa chumvi hiyohiyo huweza kupunguza msukumano baina ya mkaa na rangi zenye chaji hasi. Jaribio lifanyike, basi, kwa maji ya kisima na kwa masalio halisi ya beseni la mtiaji rangi.

Hubaki mkaa uliochoka. Huweza kuhuishwa kwa joto, kwa gharama ya kuni na ya sehemu ya mkaa wenyewe. Ukitupwa korongoni, rangi huweza kuachiliwa tena mvua za Desemba zinapouloanisha.