Je, Wajua? Beri na Watu Wanaozipenda Kupita Kiasi

Mtoto aliyetoka chini ya mzambarau hawezi kuficha alikokuwa. Ulimi unamshitaki kabla hajaulizwa. Matunda madogo yana uwezo huo wa kumsahaulisha mtu adabu zake, na wakubwa hawajasalimika. Ukifuatilia historia ya beri utakutana na watu waliovuka bahari, walioingia vinamasini na waliobishana na mabaharia wenye kiu, yote kwa ajili ya kitu kisichojaza kiganja.

Lakini beri ni nini hasa? Kwa wataalamu wa mimea, ni tunda lenye nyama laini lililotokana na ovari moja ya ua, mbegu zikiwa ndani. Kwa kipimo hicho ndizi ni beri. Nyanya ni beri, bilinganya ni beri, pilipili imo, na tikiti maji nalo limo. Stroberi haimo! Nyama yake nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba, na vile vipunje vya juu tunavyoviita mbegu, kila kimoja ni tunda kamili lenye mbegu yake ndani. Rasiberi na forosadi nazo zimeachwa nje, kwa kuwa kila moja ni kundi la vitunda vilivyoshikana. Mimi naendelea kuziita beri zote, na wauzaji wa sokoni wako upande wangu.

Je, wajua kwamba stroberi kubwa za leo zilianzia kwenye safari ya jasusi? Mwaka 1712 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimtuma mhandisi wa jeshi, Amédée-François Frézier, akapeleleze ngome za Wahispania huko Chile na Peru. Frézier alijifanya mfanyabiashara na kuchora ramani zake kimyakimya. Alipofika Concepción, macho yake yakanaswa na kitu kingine: stroberi kubwa kuliko zote za Ulaya, zilizolimwa na wenyeji wa Chile kwa karne nyingi kabla Mhispania hajatia mguu. Akabeba miche. Safari ya kurudi ilichukua miezi sita, na maji ya kunywa melini yalikuwa ya kupimiwa. Hebu fikiria, watu wana kiu na ofisa mmoja anaomba maji ya kunyweshea majani! Alipofika Marseille mwaka 1714, miche mitano tu ilikuwa hai, na miwili kati ya hiyo akampa msimamizi wa shehena aliyemkubalia maji hayo.

Miche ikastawi, ikachanua, lakini haikuzaa. Kwa uchu wake, Frézier alikuwa amechagua mimea yenye matunda makubwa tu, na yote ilikuwa majike. Madume ya kuichavusha yalibaki Chile. Ukombozi ulitoka kwa stroberi nyingine ya kigeni, ndogo lakini yenye harufu nzuri, iliyoletwa kutoka Virginia, Amerika Kaskazini. Zilipopandwa jirani, wadudu wakafanya kazi yao, na mtoto aliyezaliwa akarithi ukubwa wa mama na ladha ya baba. Aliyeutambua ukoo huo ni kijana Antoine Nicolas Duchesne, aliyechapisha kitabu kizima juu ya stroberi mwaka 1766, akiwa na umri wa miaka 19. Karibu kila stroberi inayouzwa leo, iwe ya Lushoto, ya Limuru au ya Uhispania, ni kizazi cha ndoa hiyo ambayo hakuna mtu aliyeipanga.

Bluberi ilichelewa zaidi kuingia shambani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani waliichuma porini, na wengi waliamini haikubali kulimwa. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo, akaipata siri: mmea huu unataka udongo wenye asidi, na ule udongo wa bustani unaonenepesha mboga ndio unaouua. Elizabeth White, binti wa mkulima huko New Jersey, alisoma ripoti yake mwaka 1911, akamwandikia na kulitoa shamba la familia lifanyiwe majaribio. Ikabaki kupata mimea bora ya kuanzia. Elizabeth aliwafuata wachumaji walioyajua mapori ya jirani kuliko mtu yeyote, akawagawia kibao chenye tundu la milimita 16. Ukikuta kichaka ambacho beri zake zinakwama tunduni, kitie alama. Utalipwa, na kichaka kitaitwa kwa jina lako. Ahadi aliitimiza. Aina ya Rubel, iliyopatikana kwa mchumaji Rube Leek, inalimwa mpaka leo. Mavuno ya kwanza yaliuzwa mwaka 1916, na katika hadithi zote za beri hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa heshima ya jina haikwenda kwa mwenye shamba wala kwa msomi, ilikwenda kwa aliyezijua njia za porini. Siku hizi kuna aina zisizohitaji baridi kali, ndiyo maana bluberi zinalimwa hata Murang'a, Kenya, na kuuzwa nchi za nje.

Krenberi, ndugu yake, hupimwa kwa kudundishwa. Katika karne ya 19 mkulima mmoja wa New Jersey, John Webb, alikuwa na mguu wa mbao na ghala lililokuwa ghorofani. Kuyateremsha mavuno kulimtesa, basi akayamwaga ngazini. Nzima zikadunda hadi chini. Mbovu zikabaki kwenye vidato. Mashine za kuchambulia krenberi zikaja kutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, wapenzi wakubwa kuliko wote wako Ulaya ya kaskazini. Ufini na Uswidi, mtu yeyote ana haki ya kuingia msituni, hata wenye mwenyewe, akachuma beri za porini. Inayotafutwa zaidi ni lakka, ya rangi ya dhahabu, inayomea vinamasini, shina moja likitoa tunda moja tu. Mfini atakukaribisha kwake, atakupa kahawa na jamu ya lakka, lakini usimwulize kinamasi chake kiko wapi. Maua ya lakka yamechorwa kwenye sarafu ya Ufini ya euro 2. Uswidi alikuwako Carl Linnaeus, aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya mimea. Yeye alikula stroberi za porini kwa wingi akiamini zinamtibu jongo.

Afrika nayo ina ya kwake. Magharibi mwa bara kuna beri nyekundu ambayo Wayoruba huiita agbayun. Yenyewe haina utamu wa kutajwa. Itafune, izungushe ulimini, kisha ule ndimu: utaapa imetiwa sukari, na hali hiyo huweza kudumu saa nzima. Protini iliyomo hung'ang'ania vipokezi vya ladha tamu na kuviamsha kila asidi inapopita. Mfaransa Chevalier des Marchais aliwakuta wenyeji wakiitumia mwaka 1725. Wao walikwisha kuijua zamani. Nyingine ni Pollia condensata ya misituni, isiyoliwa, lakini mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba buluu yake ni kali kuliko ya kiumbe hai chochote kilichowahi kupimwa. Ganda lake halina chembechembe za rangi ya buluu hata kidogo. Ni matabaka membamba ya selulosi yanayorudisha mwanga, na ndiyo maana beri zilizochumwa Ghana miaka ya 1970 na kuhifadhiwa Kew, London, hazijapauka.

Na ukienda sokoni wiki hii: stroberi haiongezi utamu baada ya kuchumwa. Inaweza kuwa nyekundu zaidi kikapuni, sukari ikabaki ileile, kwa hiyo chagua zilizoiva mpaka karibu na kikonyo, na uangalie chini ya pakiti kabla ya kulipa. Usizioshe mapema, zioshe unapotaka kula, vikonyo vikiwa bado vipo, zisije zikanywa maji.